Chumba Kilichoandikwa Hakina Mtu

Kwenye mlango wa shangazi yangu kuna namba iliyoandikwa kwa chaki, na namba hiyo haifutwi. Mvua ikionekana kuja kutoka upande wa mlango, anatundika kipande cha nailoni. Mwaka jana mwenye nyumba alileta fundi wa kupaka rangi, na shangazi akamwambia apake nyumba nzima, akitaka hata paa, lakini pale kwenye namba apite mbali. Fundi hakutaka ugomvi na mtu, akapaka akiizunguka. Sasa mlango ni wa buluu, katikati una kiraka cha mbao kuukuu, na kwenye kiraka hicho kumeandikwa 208. Wageni hudhani ni uvivu wa fundi. Naandika haya ili waache kumsema fundi wa watu.

Shangazi ni fundi cherehani. Mtaa mzima unamwita Mama Chaki, ingawa hakuzaa. Mwenyewe husema amezaa sare za shule elfu nne na zote zimemaliza darasa la saba. Chaki ni ile bapa ya kuchorea vitambaa, na huichomeka kwenye kilemba ili asiitafute. Ni mfupi wa kimo, lakini mdomo wake haukufupishwa. Huwezi kupimwa nguo kwake ukatoka bila kuambiwa umenenepa, au umekonda kwa mawazo, au kwamba yule unayeshonesha nguo ili umpendeze hastahili.

Mtaa wetu uko upande wa pili wa reli, huku kwenye kiwanda cha matofali. Mji wenyewe, wenye benki na ofisi na taa za barabarani, uko upande ule. Shangazi alifika hapa akiwa na miaka ishirini na miwili, cherehani ya mkono kichwani, akisema anatafuta riziki ya msimu mmoja kisha anarudi kwao. Mwaka huohuo kukawa na sensa, na wakatafutwa watu wanaojua kuandika na wasioogopa mbwa. Sifa ya kwanza alikuwa nayo, ya pili alidanganya. Akapewa penseli, ubao wa kuandikia na nyumba sabini za kuhesabu, na akang'atwa kwenye nyumba ya tatu.

Siku hizo huku kwetu kulikuwa na watu elfu kumi na nne tu, na mbunge tuliyekuwa naye alikuwa wa upande ule. Katika miaka mitano alitutembelea mara moja. Gari lake lilikwama kwenye tope, wapiga kura wake wakalisukuma, akawapungia mkono na kwenda zake. Hakuna aliyemlaumu sana. Upande ule walikuwa elfu themanini, naye alijua kura zake zinalala wapi.

Miaka kumi baadaye, kwenye sensa ya pili, kiwanda kilikuwa kimepanuka mara tatu. Wafanyakazi na familia zao waliishi kwenye kambi ya kiwanda, na kambi ilikuwa na orodha. Msimamizi anasoma jina, mtu anaitika, shangazi anaandika. Kazi ilikuwa rahisi mpaka akapata muda wa kumshonea msimamizi suruali. Jumla ikatoka: watu elfu hamsini na mbili.

Sheria yetu ni nyepesi kuieleza, hata mimi ninayefundisha hesabu darasa la nne naiweza. Kila baada ya sensa, tume ya mipaka inakaa na ramani na takwimu. Eneo likifikisha watu elfu hamsini linaweza kupewa jimbo lake na mbunge wake. Jimbo likishuka chini ya elfu arobaini, linaunganishwa na jirani yake. Basi, hayo tu. Tukapewa jimbo, na mbunge wetu wa kwanza alikuwa mchoma matofali, mtu wa tanurini, asiye na hata gari la kukwama. Katika miaka mitano tukapata zahanati, tukapata na daraja la waenda kwa miguu juu ya reli. Shangazi kila alipolipita daraja lile aliligonga kwa kiganja na kumwambia yeyote aliye karibu kwamba hili ameliandika yeye, kwa penseli.

Halafu ikaja sensa ya tatu, na hapo ndipo tulipojichimbia shimo.

Kiwanda kilikuwa kimeuza kambi yake, watu wakahamia vyumba vya kupanga. Na mpangaji wa huku ana ugonjwa mmoja: hajawahi kuhamia. Amekuja tu. Ana miaka ishirini na mitano hapa, ameoa hapa, watoto saba wote wamezaliwa hapa, lakini ukimuuliza atakwambia kwao ni kule, huku yuko kikazi. Karani wa sensa akibisha hodi, watu walikuwa wakimkaribisha kiti, wakimpa maji, kisha wanamwambia kwa upole asijisumbue: sisi wapangaji tu, mama, tumeshaandikwa kwetu. Na kweli, huko kwao kila mzee alikuwa akiwataja wanawe wote, wa karibu na wa mbali, kama anavyowataja kwenye sala.

Mafunzo yalisema wazi kwamba mtu anahesabiwa pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Shangazi aliyasikia mafunzo hayo kwa masikio yake yote mawili. Lakini utamwambiaje mtu mzima aliyekupa kiti kwamba kwao si kwao? Ustaarabu ukamponza. Akaandika walivyosema.

Na nisijifanye nilikuwa mbali. Mwaka ule nilikuwa nimekuja kusomea ualimu, nikafikia kwake kwa miezi mitatu tu, nipate pa kuanzia. Naandika haya nikiwa na mwaka wa kumi na nne kwake. Jioni ya siku ya sensa shangazi alirudi amechoka, akavua viatu, akatazama ubao wake akakuta imebaki nyumba moja, yetu. Akaniuliza nimeandikwa wapi. Nikamwambia baba atakuwa ameniandika kule nyumbani. Akasema hata yeye, kaka yake humwandika kila mara. Tukacheka. Tulikuwa wawili chumbani, sufuria ikichemka, cherehani ikiwa na gauni la watu nusu mkono, na shangazi akaandika kwa mwandiko wake mzuri: chumba hakina mtu.

Matokeo yalipotangazwa, jimbo letu lilikuwa na watu elfu thelathini na saba. Eti tumepungua. Huku vyumba vinajengwa mpaka kwenye ukingo wa reli, huku darasani kwangu kwenye mazoezi ya ualimu watoto wanakaa wanne dawati moja, karatasi inasema tumepungua.

Tume ikaja kusikiliza maoni kwenye ukumbi wa shule ya msingi. Afisa aliyetumwa alikuwa kijana mpole, mwenye miwani na subira. Watu walifoka, yeye akaandika. Ndipo shangazi akasimama, na mkononi alikuwa na daftari lake la vipimo, lile lenye jalada la kitambaa cha sare. Usiku kucha alikuwa amelipitia, na macho yalikuwa yamemwiva.

"Bwana afisa," alisema, "kwenye daftari hili kuna watoto mia tatu themanini niliowapima sare mwaka huu, wa mtaa mmoja. Sensa imesema mtaa huo una watu mia nne na kumi na mbili, wakubwa kwa wadogo. Sasa hawa watoto wamejizaa?"

Ukumbi ukacheka. Afisa naye akatabasamu, akavua miwani.

"Hao watoto nawaamini, mama. Lakini mimi nagawa majimbo kwa hesabu ya sensa, sigawi kwa daftari la fundi. Mtaa huo ulihesabiwa na nani?"

Mimi niliyekuwa pembeni ya shangazi niliona mkono wake ukilibana lile daftari.

"Na mimi," alisema.

Hakuna aliyecheka tena. Sitasahau tulivyorudi nyumbani siku ile, yeye mbele, mimi nyuma, na kwenye daraja hakuligonga. Jimbo likaunganishwa na la upande ule. Zahanati ikabaki inafunguliwa siku tatu kwa wiki, na shule ya sekondari tuliyokuwa tumeahidiwa ikajengwa kule, karibu na benki, ili watoto wetu wapate mazoezi ya kutembea. Watu walimtuliza shangazi, wakamwambia makarani walikuwa wengi na kila mmoja alifanya vilevile. Alijibu kwamba wengine hawakushona sare, yeye alizishona, alijua idadi ya miguu.

Kwa wiki mbili hakuwa na hamu hata ya kumsema mtu, jambo lililotutisha wote. Kisha asubuhi moja akafunga kibwebwe. Alikuwa amepiga hesabu: miaka kumi, watu wote wa mtaa lazima wavae nguo, kwa hiyo watu wote watapita mikononi mwake.

Alianza na watoto. Kila sare iliyotoka kwake alishona ndani ya kola kitambaa kidogo chenye namba ya nyumba, kwa uzi mwekundu. Wazazi walimwuliza ni ya nini, akasema ni ya mtoto akipotea. Watoto wakaipenda. Wakaanza kuitana kwa namba uwanjani: wewe mia na kumi pasia mpira, wewe sitini na tatu umecheza rafu. Baadaye wakubwa nao wakataka. Mchoma matofali yeyote akipeleka koti lake kwa dobi alijua halitachanganywa. Taratibu ukaanza kusikia mtu mzima akijitambulisha kwa namba, tena kwa majivuno kidogo, mimi wa mia na tisini, ile nyumba yenye mlango wa bati.

Wakati wa kupima alikuwa na swali lake moja, la kila mteja, na aliliuliza kamba ya kupimia ikiwa tayari imezunguka kiuno.

"Jana ulilala wapi?"

Mtu akijibu kwamba kwao ni mahali fulani, shangazi anakaza kamba kidogo. Sijauliza kwenu, anasema, nimeuliza ulilala wapi. Akirudia kwao, anakaza tena. Kuna baba mmoja mnene, mpishi wa kantini ya kiwanda, alishikilia kwao mpaka pumzi ikamwishia, ndipo akataja namba ya nyumba yake. Kioja hicho kilisimuliwa mwezi mzima, na mpishi mwenyewe ndiye aliyekisimulia vizuri kuliko wote.

Kila mtu alicheka, kila mtu akaelewa. Aliyebaki ni mmoja, na alikuwa mtu wa damu yetu.

Baba yangu ndiye kaka yake mkubwa, yuko kule nyumbani alikozaliwa. Kwa miaka yote, kila sensa, karani alipofika kwake, baba alianza kumtaja mdogo wake wa kike, kabla hata ya mama yangu. Shangazi alipompigia kumwomba safari hii asimtaje, baba alikasirika kama ambavyo sijawahi kumsikia. Alisema huko nako wana mbunge wao, na kila aliyeko mjini akijitoa, wao watabaki na mbunge wa mbuzi. Hilo lilikuwa kweli, na shangazi hakulipinga. Alimwambia tu kwamba mbuzi angalau wanalala huko. Baba hakucheka. Akasema akimtoa kwenye hesabu ya nyumba yake atakuwa amemfukuza, na yeye hajafukuza mtu. Kisha akakata simu.

Shangazi alirudi kwenye cherehani, akashona upindo mzima bila uzi. Maneno yale yalimkata maini, kwa sababu na yeye ndani ya moyo wake aliamini hivyohivyo. Kwa miaka thelathini alikuwa mtu wa msimu mmoja, na sababu ni kwamba mahali fulani kaka yake alikuwa akimtaja wa kwanza.

Sensa ya nne ikafika. Alipoitwa kuomba ukarani alikataa, akasema ameshika penseli mara tatu, sasa anataka akae kwake ahesabiwe kama watu. Nikaomba mimi. Siku hizi hakuna penseli, tunapewa vishikwambi, na bahati mbaya mbwa hawajabadilishwa. Nikapangiwa mtaa wetu wenyewe.

Asubuhi ya siku ya kwanza niliingia nyumba ya kwanza nikiwa na wasiwasi. Kabla sijamaliza salamu, mwenye nyumba aliniambia kwamba wao ni tisa, wote wamelala hapa, na kwao wameshapiga simu wasiandikwe mara mbili. Nyumba ya pili hivyohivyo. Ya tatu walikuwa wamejipanga barazani kwa urefu, mtoto mchanga akiwa mwisho, namba ya kola ikiwa imegeuzwa nje. Kwa mpishi wa kantini nilipokelewa na kauli moja tu: nimelala hapa, usinibane. Nilicheka mpaka nikabonyeza pasipo, nikalazimika kuanza upya kaya nzima.

Nilifika 208, kwetu, karibu na saa sita mchana. Shangazi alikuwa amevaa nguo yake ya harusi za watu, amekaa wima kwenye kiti kama anayepigwa picha. Simu ilikuwa mapajani. Nilimpa salamu ya kikazi, naye akaniitikia ya kikazi. Nikawasha kishikwambi. Simu ikalia.

Ilikuwa baba. Shangazi aliweka sauti ya nje, nadhani alitaka shahidi.

"Karani ametoka hapa sasa hivi," baba alisema.

"Enhe, kaka."

"Ameniuliza wangapi wamelala. Nikamhesabia. Nilipomaliza akauliza kama ni wote." Baba akakohoa. "Kitanda chako kipo palepale, na shuka nimeibadilisha. Lakini nimemwambia wewe umelala kwako."

Machozi yalimshuka shangazi yakaingia kwenye kola ya ile nguo nzuri, na hakuyafuta. Miaka yote tangu atoke nyumbani, kaka yake alikuwa akisema huko mjini, huko kwenye matofali, huko unakohangaika. Neno kwako hakuwahi kulisema.

"Asante, kaka," alisema mwishowe. "Hiyo shuka usimpe mtu, nakuja mwezi ujao kuilalia."

Baba akacheka, akaaga. Shangazi akapenga kamasi, akajiweka sawa, akanikazia macho.

"Haya, karani. Kazi ni kazi."

Nikamuuliza mkuu wa kaya ni nani, akasema ni yeye. Nikamuuliza umri, akasema hamsini. Nikamkumbusha kwamba ni hamsini na miwili. Akasema nimwandike anavyosema yeye, mbona zamani tulikuwa tunaandika watu walivyosema. Nikamjibu kwamba ndiyo maana tulipoteza jimbo. Akaanza kucheka, mabega yote yakitikisika, akakubali hamsini na miwili. Nikamuuliza ulilala wapi usiku wa kuamkia leo.

"Hapa," alisema. "Andika hapa. Na huyu binti wa kaka yangu anayejifanya hanijui, naye amelala hapa, na anakoroma."

Tukawa wawili. Nilipotoka nilitakiwa kuandika namba ya nyumba mlangoni, alama kwamba imehesabiwa, na chaki yangu ilikuwa imekwisha kwenye nyumba iliyotangulia. Shangazi akachomoa ya kwake kwenye kilemba, akanipa.

Matokeo yalikuja baada ya miezi kadhaa. Tulisikiliza redio tukiwa tumejaa kwenye banda lake la kushonea, wengine dirishani, mpishi akiwa amekalia vitambaa vya watu. Walipotaja jimbo lile la kuunganishwa, na kwamba upande wa kiwanda peke yake una watu elfu sitini na moja, kelele zilizopigwa zilisimamisha watu darajani. Kila mtu alikuwa na hakika kwamba ni familia yake iliyovusha hesabu. Baba wa watoto saba alidai pongezi saba. Mwaka uliofuata tume ikachora mpaka, na mpaka ukapita palepale kwenye reli, kama zamani. Shangazi alikwenda mpaka darajani peke yake, akaligonga kwa kiganja, akarudi kupika.

Sasa uchaguzi umekaribia na wagombea wamekuwa wengi kuliko viti vya kuwakalisha. Juzi alikuja mmoja, bwana nadhifu, na watu wanne wa kumbebea maneno. Alisema amesikia kwamba Mama Chaki ndiye aliyerudisha jimbo, na kwamba angependa suti yake ya kampeni ishonwe na fundi wa nyumbani, kwa sababu yeye ni mtoto wa huku, damu na mifupa.

Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Akamwomba ainue mikono. Akaizungusha kamba kiunoni kwake taratibu, na banda zima likasogea karibu, kwa sababu kila aliyekuwepo alikuwa ameshawahi kusimama pale.

"Jana ulilala wapi?" akamuuliza.

Bwana yule akaanza kueleza kwamba mizizi yake ni ya huku, na kwamba moyo wake siku zote uko huku. Shangazi akakaza kamba.